Wimbo Ulioponya Macho ya Mji Mzima

Kama ulinikosa wiki iliyopita, usijali, hujapitwa na mengi. Mimi ni binti wa sekondari, miaka kumi na saba, na likizo hii niko kwenye ule mpango wa wanafunzi kufanya kazi za kulipwa katika biashara za hapa mjini. Tulipangiwa kwa kura. Kura yangu ya kwanza iliangukia kwenye tanuri la mikate, na mnajua wenyewe yaliyonikuta huko na ile ndoo ya hamira. Nikahamishiwa duka la miwani, nikapewa onyo na Mratibu wa mpango, mama mmoja asiyetembea bila filimbi shingoni.

“Ukifukuzwa na hapa, binti, likizo yako utaimalizia nyumbani ukihesabu misumari ya dari.”

Kila mwanafunzi ana daftari la mafunzo. Wiki sita zikiisha, bosi wako anaandika kwamba umefaa, anatia sahihi. Bila sahihi hakuna bahasha ya malipo. Na bila bahasha mimi sifanyi mtihani wa mwisho, maana mama alishasema bila kuzunguka kwamba ada ya mtihani zamu hii niitafute mwenyewe, yeye uwezo wake umefika mwisho.

Wiki iliyopita niliishia pale bosi aliponiita chumba cha kupimia macho, akafunga mlango, akasema kuna jambo amelichunguza tangu nije. Haya, tuendelee.

“Mwanafunzi,” alisema, maana jina langu hakuwahi kulishika, “tangu ufike hapa, mji huu umepona.”

“Umepona nini, bosi?”

“Macho.”

Bosi wangu watu wote wanamwita Bwana Endelea. Ukiingia kupimwa, anakusimamisha kwenye mstari mwekundu, anakupa kijiko cheusi cha kuzibia jicho moja, halafu anagonga ubao wa herufi kwa fimbo yake. Wewe unasoma. Yeye hakuambii umepata wala umekosa. Anasema neno moja tu: “Endelea.” Ukimaliza ndipo anatoa hukumu.

“Wiki tatu,” akaendelea, “sijamwandikia mtu miwani ya kuonea mbali. Wiki tatu! Kila anayeingia anateremka na ubao mpaka mstari wa chini kabisa. Yule bibi wa jana, aliyekuja ameshikwa mkono na mjukuu wake, amesoma herufi ndogo ambazo hata sisimizi angeomba kusogea karibu. Wewe unaonaje?”

Mimi nilikuwa nimemwona bibi huyo akitoka. Aliliaga kabati la fremu. Aliliambia lisalimie nyumbani.

“Labda ni maji ya bomba, bosi,” nikasema. “Siku hizi wanatia dawa.”

“Hm,” akasema Bwana Endelea.

Nikatoka kwenda kupiga deki ukumbi wa kusubiria, na kama kawaida yangu nikaanza kuimba. Hapo ndipo nilipojishtukia.

Nakiri. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni kufuta vumbi ubao wa herufi. Ukifuta kitu kimoja kila siku, kinakukaa kichwani. Nami herufi zile zilinikaa, nikazitilia mdundo wa kurukia kamba. Ikawa ndio wimbo wangu wa deki: “H! N, V! D, T, Z! L, P, E, K!” mpaka mstari wa chini, kisha narudi juu. Na benchi la wanaosubiri liko palepale ninapopiga deki, na wateja wa Bwana Endelea husubiri kwa saa nzima, wakati mwingine mbili.

Niliinua macho polepole. Kwenye benchi walikuwepo watu wanne. Midomo yao wote wanne ilikuwa inatembea. Fundi seremala mmoja alikuwa hata anapigapiga goti.

Mdundo wake ulikuwa sahihi kabisa.

Nikafunga mdomo. Lakini wapi, wimbo ulishatoka, ungeurudishaje? Wateja walikuwa wameupeleka majumbani. Hata mdogo wangu wa kike, Kitinda, miaka minane, alikuwa anaurukia kamba uani yeye na wenzake tangu nilipomwimbia siku ya kwanza.

Ningeficha mambo haya mpaka leo na kucheka peke yangu, kama si mjomba.

Mjomba ni kaka wa mama, tunaishi naye nyumba moja, na ni dereva wa basi. Jina lake la kazini ni Breki, kwa sababu miaka yote ya udereva wake hajawahi kugonga hata kuku. Mwezi uliopita tajiri wake alisema madereva wote wenye umri mkubwa walete cheti cha macho, la sivyo wakabidhi usukani. Mjomba akaja dukani kwetu wiki iliyopita, nikamkaribisha mwenyewe, akapimwa, akasoma ubao wote bila kukwama. Bosi akamgongea muhuri. Nilifurahi jamani, nikamnunulia hadi soda.

Jumatano tuko mezani asubuhi. Mjomba akachukua birika, akamimina chai. Akaimimina vizuri, kwa mkono uliotulia, bila haraka. Akaimimina mezani, upande wa kushoto wa kikombe.

Kitinda akaangua kicheko. Mama akamkazia macho, akavuta kitambaa, akafuta, akasogeza kikombe chini ya mdomo wa birika kabla mjomba hajamaliza. Ilionekana wazi hiyo kwake si mara ya kwanza.

“Jumamosi,” mjomba akasema, akiwa na furaha zake, “nani mnadhani anawapeleka kwenye sherehe yenu ya kufunga mafunzo?”

Sherehe yetu ilikuwa ng’ambo ya mlima. Wanafunzi wote wa mpango, mabosi wao, na wadogo zetu walioalikwa, ndani ya basi moja, kwenye ile barabara ya kona kumi na moja yenye bonde upande mmoja.

“Nani, mjomba?”

“Breki mwenyewe!”

“Mimi nakaa kiti cha mbele!” Kitinda akapiga kelele. “Nakaa karibu na mjomba!”

“Utakaa mbele, malkia wangu.”

Alipotoka kwenda kufagia basi nikamfuata uani. Nikamkuta anabishana na shati lililoanikwa kwenye kamba. Alikuwa analiambia lisogee, halisogei.

“Mjomba, shikamoo tena.”

“Marahaba. Kumbe uko huku?” Akaliacha shati.

“Mjomba, naomba nikuulize kwa heshima zote. Ule ubao wa dukani uliusoma, au uliuimba?”

Akalianua shati, akalitupa begani.

“Kuna tofauti gani? Si nilipata?”

“Mjomba!”

“Sasa mtoto anaruka kamba hapa mlangoni kwangu kutwa nzima na herufi zilezile, nizibe masikio? Nilipofika pale nikakuta mambo ninayoyajua. Ungekuwa wewe kwenye mtihani ungesema hapana, maswali haya nayajua, naomba mengine?”

Swali hilo lilinigusa pabaya.

“Basi vaa miwani, mjomba. Mimi nitakuchagulia fremu nzuri, utapendeza.”

“Unajua dereva mwenye umri wangu akivaa miwani wanampeleka wapi?” Sauti yake ilishuka. “Stoo. Anakaa kwenye kiti, anaandika matairi yanayotoka na yanayoingia. Mimi nikikaa stoo, nyumba hii inakula nini? Barabara ile naijua kwa makalio. Kila kona. Acha kunitia uchuro.”

Nilimhurumia kweli. Lakini nilimwona Kitinda ameshachukua mto wake wa kukalia kiti cha mbele, siku tatu kabla ya safari, anaupiga vumbi. Nikajua kosa nililianzisha mimi kwa mdomo wangu, na ni mimi wa kulifuta.

Nikapata akili. Wasomaji wangu wa tangu tanuri la mikate mnajua, nikipata akili, kaeni mbali.

Ubao wa Bwana Endelea ni kadibodi ngumu yenye pande mbili. Upande wa pili una herufi tofauti kabisa, zimewekwa makusudi kwa watu wanaorudi mara kwa mara. Bosi hakuwahi kuugeuza siku hata moja tangu nije. Basi Alhamisi jioni, kabla ya kufunga duka, nikaugeuza. Upande huu mpya unaanza na M, kubwa, upana wa sahani.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Mjomba arudi kupimwa. Aimbe wimbo wake wa H. Bosi ashtuke, amkamate, amwandikie miwani, na kile cheti cha kwanza kichanwe. Mimi nisiwe nimesema neno. Mjomba asijue ni mimi, bosi asijue kuhusu wimbo, na kwenye daftari langu sahihi itue salama. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Ijumaa nikamdanganya mjomba kwamba muhuri wa cheti chake umefifia, tajiri wake anaweza kuukataa. Akaja mbio. Bosi nikamwambia mteja ameomba kurudia, kwa usalama zaidi.

“Mtu makini huyo,” akasema Bwana Endelea. “Mlete.”

Mjomba akasimama kwenye mstari mwekundu, akaziba jicho la kushoto kwa kijiko. Bosi akapapasa ukuta, akaweka fimbo juu ya ubao. Mimi nikasimama pembeni na kalamu, maana fomu zote huandika mimi.

“H,” akasema mjomba.

Juu ya ubao kulikuwa na M, nyeusi, upana wa sahani. Nikasubiri bosi aruke.

“Endelea,” akasema bosi.

“N, V.”

Nikatazama ubao. Hapakuwa na N. Hapakuwa na V.

“Endelea.”

“D, T, Z,” akasema mjomba, sasa na kamdundo kabisa, mguu mmoja unagonga sakafu. “L, P, E, K…”

“Endelea, endelea.”

Alifika chini. Hakupata herufi hata moja. Bwana Endelea akashusha fimbo yake, akatabasamu kwa raha.

“Hakuna kosa hata moja. Mzee, una macho ya kijana. Mwanafunzi, andika. Niletee na muhuri.”

Nikaandika, nikaleta muhuri. Mjomba akanipiga bega, kwa bahati akalipata, akatoka na cheti cha pili juu ya kile cha kwanza.

Mlango ulipofungwa nikasema, “Bosi, ubao wako unaanza na herufi gani?”

“H. Tangu hujazaliwa.”

“Leo unaanza na M. Niliugeuza jana.”

Alisogea kwenye ubao mpaka pua ikagusa kadibodi. Akavua ile miwani yake mizito, akaifuta, akaivaa, akasogea tena. Akapitisha kidole juu ya karatasi, nadhani alitumaini kuihisi.

Hapo mambo yote yakanijia kwa mpigo. Kwa nini fomu niandike mimi. “Mwandiko wako mzuri, mwanafunzi.” Kwa nini barua nimsomee mimi. “Napima usomaji wako.” Kwa nini kila akitaka kusaini anasema, “Niwekee kidole pale pa kusaini.” Mimi nilikuwa naenda nyumbani nikijisifu kwa mama kwamba bosi ananiamini.

“Mtoto wa jicho,” akasema bila kugeuka. “Yote mawili. La kulia ni miaka mitatu sasa.”

“Lakini bosi, si wanatoa? Si wewe unayewatuma watu hospitali? Siku niliyofika ulimwambia fundi cherehani mmoja ni jambo la dakika chache, haumwi hata kidogo.”

“Nimewaambia hivyo watu mia na zaidi.” Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. “Naogopa.”

“Unaogopa nini?”

“Kisu, mwanafunzi! Nini kingine? Wewe ungependa mtu akuingize kisu jichoni?”

Ningecheka, ila alikuwa anatetemeka kidevu. Nikaona aibu ya kumwona hivyo, nikatazama sakafu.

Nikamwambia yote. Wimbo, benchi, bibi na kabati, mjomba na chai, kona kumi na moja, Kitinda na mto wake. Nilipomaliza akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyeshikwa.

“Kwa hiyo mimi nilikuwa nawasikiliza wanaimba, na wao walikuwa wananiimbia, na humu ndani hakuna aliyekuwa anaona.”

“Mimi naona, bosi.”

“Ndio taabu yenyewe.” Akajiweka sawa kitini. “Sikiliza. Ukienda kusema, mjomba wako anakaa stoo. Mimi nafunga duka. Na daftari lako litakuwa na sahihi ya mtu aliyefungiwa, halitakufaa hata kufungia vitumbua. Leta hilo daftari. Tumalize mambo yetu kiutu uzima.”

“Na Jumamosi?”

“Mjomba wako anaijua barabara. Wewe mwenyewe umesema.”

Nikaleta daftari. Nikalifungua ukurasa wa mwisho, nikampa kalamu. Akaniambia kama siku zote, “Niwekee kidole.”

Pale juu ya meza, kando ya daftari, kulikuwa na fomu tupu ya kumwandikia mtu miwani. Ningeweza kumwekea kidole kwenye fomu. Jina la mjomba ningejaza mwenyewe baadaye, “asiendeshe gari bila miwani,” na sahihi ingekuwa halali kabisa. Kidole changu kilisita katikati ya karatasi zile mbili. Nilifikiria Kitinda. Halafu nikafikiria mtihani.

Nikakiweka kwenye daftari.

Nakiri hilo kwenu na sijawahi kumkiria mtu mwingine. Nilipata sahihi nzuri, yenye mkia mrefu, na sikula chakula siku hiyo.

Jumamosi saa mbili asubuhi basi lilikuwa limesimama mbele ya ofisi ya mpango, linang’aa. Wanafunzi wote tuliambiwa tubebe kitu kimoja kutoka kazini kwetu cha kuonyesha kwenye sherehe. Wa kinyozi alikuwa na mashine. Wa duka la vyombo vya umeme alibeba feni. Mimi nilibeba ubao wa herufi, nimeukumbatia kifuani, na daftari la kumkabidhi Mratibu likiwa kwenye mkoba begani.

Kitinda alikuwa ameshakaa mbele kabisa, mto chini, miguu haifiki sakafuni. Kisha nikaona anayekaa kando yake. Bwana Endelea, ndani ya suti. Nikamsalimu.

“Mabosi wote wamealikwa,” akaniambia aliposikia sauti yangu. Akainama kidogo kuelekea kiti cha dereva. “Dereva, usiwe na wasiwasi. Ukifika kwenye kona, mimi nitakuangalizia upande wa bonde.”

“Hapo umenifaa, daktari!” mjomba akamjibu.

Mjomba akashuka kusalimiana na watu, koti lake akaliacha kitini, na juu ya koti ufunguo wa basi. Sikufikiri. Nilijifanya naweka mto wa Kitinda sawa, nikauchukua ufunguo, nikashuka, nikainama kufunga kamba ya kiatu, nikausukumiza ndani ya soksi. Ulikuwa wa baridi, unanichoma kifundo cha mguu.

Dakika tano zikapita. Mjomba akapapasa kiti. Akapapasa koti, akapapasa mifuko, akashuka akapapasa nyasi zilizo kando ya tairi. Nilimtazama dereva asiyewahi kugonga kuku anatambaa mbele za watu kwa ajili yangu. Nilijisikia vibaya mno.

Filimbi ikalia.

“Hakuna anayepanda wala kushuka!” Mratibu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. “Ufunguo ulikuwepo, sasa haupo. Aliyeuona aseme.”

Mimi nikaangalia mawingu.

“Mimi nimeuona,” ikaja sauti nyembamba kutoka kiti cha mbele. “Uko kwenye soksi ya dada. Ya kulia.”

Macho ya basi zima yalishuka kwenye mguu wangu. Kitinda alikuwa anatabasamu, amefurahi kusaidia.

“Binti,” Mratibu akasema polepole. “Nilikutoa kwenye hamira. Toa huo ufunguo. Na sababu iwe nzuri, maana daftari lako bado sijalipokea.”

“Mwanangu,” mjomba akasema. “Ni wewe?” Sauti yake haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo.

Nikautoa ufunguo, nikaushika ngumini. Nikamgeukia Mratibu.

“Nitaurudisha, mama. Mjomba akisoma ubao.”

Nikahesabu hatua kumi kutoka alipo mjomba, nikageuka, nikauinua ubao juu ya kichwa changu, ule upande wa M. Wanafunzi walichomoza vichwa madirishani. Bwana Endelea hakugeuka. Alishika mikono ya kiti chake kwa nguvu.

“Unanipima mbele za watu?” mjomba akauliza.

“Mara moja tu, mjomba. Nakuomba.”

“Nina vyeti viwili mfukoni.”

“Basi itakuwa rahisi.”

Akafuta macho kwa mkono wa shati. Akakunja uso, akanyoosha shingo, akasogea nusu hatua, kisha akakumbuka watu, akarudi nyuma. Nilimwona anatafuta. Aliangalia kulia kidogo ya pale nilipokuwa. Nilitaka kumwita, nimwambie niko huku. Nikauma mdomo.

“H,” akasema.

Na watoto ndani ya basi, wadogo zetu wale wote waliorukia kamba wimbo ule wiki zote hizi, wakadhani ni mchezo. Wakampokea kwa makofi: “N, V! D, T, Z!” Mjomba akapata nguvu, akaimba nao, mguu ukagonga chini. “L, P, E, K!”

“Mjomba, nyamaza kwanza,” Kitinda akasema.

Wote wakanyamaza.

“Hiyo si H. Hiyo ni M. Mbona kubwa hivyo huioni?”

Hakuna aliyecheka. Mjomba alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya paji la uso, mdomo wazi nusu, anautafuta ubao. Na katika ukimya huo, kutoka kiti cha mbele, bosi wangu, kwa mazoea ya miaka ishirini, akasema kwa upole:

“Endelea.”

Mratibu aligeuka taratibu kuelekea ilikotoka sauti. Akamtazama Bwana Endelea kwa muda mrefu. Akamwendea mjomba, akachomoa vyeti viwili kutoka mfuko wake wa shati, akaangalia sahihi yenye mkia mrefu. Kisha akaja mpaka nilipo. Kwenye mkoba wangu lilikuwepo daftari, na ndani yake sahihi ileile, na ngumini ulikuwepo ufunguo.

Akanyoosha mkono mbele yangu, kiganja wazi, na hakusema anataka kipi.